Viazi vya Karamu na Siku Nne za Mlima

Zamani sana, watoto, wanyama walipokuwa bado na nyumba na kufagia vibaraza vyao kila asubuhi, waliishi Nyati na Kifaru. Walikuwa wakubwa, walikuwa na nguvu, na walichokuwa nacho kingi zaidi ni maneno.

Jirani yao alikuwa Nguchiro, kinyama chembamba chenye mkia mrefu, aliyeishi na mkewe na watoto watano.

Mwaka huo mvua iligoma. Maji ya kijiji yakabaki dimbwi moja tu. Kila asubuhi Nyati na Kifaru walitangulia kunywa, kisha wakagaragara humo humo. Watoto wa Nguchiro waliachiwa tope. Mdogo wao akaugua tumbo.

Ikasikika kwamba ng'ambo ya mlima ipo chemchemi, mwendo wa siku nne. Wanyama wakakubaliana kikaoni: atakayeigusa kwanza ndiye atakayeisimamia. Nyati na Kifaru wakajitokeza papo hapo.

"Tutakwenda sote watatu," akasema Nguchiro.

Kifaru alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo vijiti unavyoviita miguu?"

"Mwache aje," akasema Nyati. "Tukichoka atatuchekesha."

Wakaondoka na mfuko wa viazi vitamu, vya karamu ya mshindi. Njiani wangekula majani.

Siku ya kwanza mawe yaliunguza na miiba ilichoma. Wakubwa walikwenda puu, puu, puu, bila kugeuka nyuma. Nguchiro aliwafikia jua likizama, nyayo zimechanika. Akawakuta wanabishana nani kati yao ana nguvu zaidi. Akasikiliza, akilamba vidonda.

Kulipokucha akawaambia, "Mabwana, nimeshindwa. Narudi nyumbani. Ila nasikitika sitamwona atakayeufikisha huu mfuko kileleni. Jana mliubeba kwa zamu, lakini huko juu ataweza mwenye nguvu za kweli peke yake."

"Basi ni mimi," akasema Nyati.

"Wewe? Ni mimi," akasema Kifaru.

Wakaanza kupigana vichwa, kwa, kwa, vumbi likatanda. Nguchiro akajipenyeza mfukoni, akajifunika viazi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza amepita njia gani.

Nyati alishinda, kama huko kunaitwa kushinda. Akaubeba mfuko siku nzima, ulimi nje.

"Mzito?" akauliza Kifaru kwa wivu.

"Mwepesi kama unyoya," akajibu Nyati.

Mfukoni, Nguchiro alikuwa anakula kiazi cha tatu, huku akividondosha vingine njiani kimoja kimoja.

Siku ya tatu Kifaru akaunyakua. Baridi ya kileleni ikawakata masikio, njia ikawa kokoto tupu. Lakini Kifaru alitabasamu.

"Nguvu zangu zinaongezeka," akasema. "Kila nikipanda, mfuko unazidi kuwa mwepesi."

"Hata mimi jana niliona hivyo," akasema Nyati.

Vichwa viwili vikubwa namna ile, wanangu, na hakuna kilichojiuliza uzito unakwenda wapi.

Siku ya nne wakashuka mpaka wakaiona chemchemi, hatua chache chini yao. Kwato za Nyati zilikuwa zimevimba. Kifaru alikuwa anachechemea. Kila mmoja aliogopa mwenzake atamtangulia.

"Tule viazi kwanza tupate nguvu," akasema Kifaru. "Kisha tushindane kukimbia."

Akafungua mfuko. Yakamwagika maganda. Nyuma ya maganda akatoka Nguchiro, tumbo mviringo, nyayo zimepona.

"Asanteni kwa kunibeba," akasema, akateremka mbio. Chubwi, akaingia majini.

Nyati alijaribu kuinuka, mguu ukakakamaa. Kifaru aliinuka, akateleza, akabingirika mpaka ukingoni.

"Umetudanganya," akafoka Nyati. "Hukutembea."

"Kikaoni tulisema kugusa chemchemi," akajibu Nguchiro. "Kutembea hakukutajwa. Na mimi sikuwaomba mnibebe. Mlipigana mpaka vumbi likatanda."

Tangu siku hiyo, kwa amri ya Nguchiro, wadogo hunywa kwanza, na wale wawili hunywa mwisho, wamesimama wima, bila kugaragara. Wakiulizwa habari za ile safari, husema walibeba mzigo mkubwa mno. Mzigo gani, hawasemi.

Funzo lake, watoto, ni hili: mwenye majivuno humbeba yule yule anayemdharau, tena akiona fahari.