Fisi Kwenye Keria ya Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba zenye milango, sufuria jikoni na baiskeli ukutani. Msibishe. Mimi niliambiwa na nyanya yangu, na nyanya yangu hakuwa mtu wa mchezo.

Basi kulikuwa na Mama Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene wa tumbo, mfupi wa miguu. Kazi yake kubwa tangu azaliwe ilikuwa kuota jua. Akiona mwamba wenye joto, analala. Akiamka, anahamia mwamba mwingine.

Mwaka huo mvua ikagoma. Majani yakakauka, na watoto wa Mama Pimbi wakabaki kulamba mawe. Bahati nzuri, Mwalimu Tembo, mkuu wa shule iliyokuwa ng'ambo ya Mlima Kokoto, alikuwa anatafuta mtu wa kuwapikia wanafunzi uji wa asubuhi. Malipo yalikuwa mtama wa kuwatosha wana. Mama Pimbi akaishusha baiskeli ya marehemu mumewe, akaifuta vumbi, akapanda.

Kwenye tambarare mambo yalikuwa mazuri. Kwichi, kwichi, kwichi. Alipofika mlimani, miguu ikasema basi. Moyo ukapiga du-du-du, ulimi ukamtoka nje. Kando ya njia akaona mwamba bapa, umeshapata jua.

"Nipumzike kidogo tu," akasema.

Alipoamka, jua lilikuwa juu. Alifika shuleni akakuta watoto wa swala wanalia kwa njaa, na watoto wa nguruwe wanatafuna kamba za viatu. Mwalimu Tembo hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mama Pimbi," akasema Mwalimu, "nitakuvumilia hadi mwezi uandame. Asubuhi yake, uji uwe kwenye vikombe kabla sijapiga kengele. Ikishindikana, kazi nitampa Bwana Fisi. Ameshaniomba, na sina mwingine."

Mama Pimbi akawaza. Fisi awapikie watoto wa watu? Huyo ataonja uji mpaka sufuria iwe tupu, kisha aanze kuwatazama wanafunzi wenyewe. Na wanawe yeye wangerudi kulamba mawe.

Njiani akirudi, akajiambia ukweli. "Pumzi hainunuliwi dukani. Inataka niupande mlima huu kila siku bila kulala. Na mimi najijua. Nikiwa peke yangu, mwamba utaniita na nitaitika. Namtaka mtu mwenye roho mbaya, asiyeweza kunionea huruma."

Akafikiri kidogo, kisha akacheka. Mtu wa namna hiyo alikuwa jirani yake kabisa.

Bwana Fisi alikaa chini ya mlima. Siku hiyo alikuwa mlangoni anaipangusa baiskeli yake mpya, ambayo hakuwahi kuipanda. Aliinunua kwa ajili ya ile kazi ya uji.

"Pole na safari, jirani," akasema kwa sauti ya asali. "Nasikia mlima umekushinda. Kinachokusumbua hasa ni nini?"

Mama Pimbi akatazama huku na huku, kama mwenye siri nzito.

"Nikuambie, lakini usimwambie mtu. Nikipumzika kwenye kila mwamba, nitazoea polepole, na hiyo kazi sitaiachia mpaka nizeeke. Ila nikinyimwa pumziko, au nikiongezwa mzigo, basi. Mwezi hauandami kabla sijakwisha."

"Maskini," akasema Fisi, na mate yakamdondoka, tii. "Siri yako iko salama kwangu."

Kesho yake asubuhi, Mama Pimbi alipofika chini ya mlima, nani anamsubiri njiani? Fisi huyo, na furushi la mifupa mkononi.

"Nipelekee furushi hili hadi juu, jirani. Mwenye baiskeli hamnyimi jirani yake."

"Ah, Bwana Fisi, na hali yangu hii?"

"Dogo tu hili. Nami nitakusindikiza, usije ukasinzia."

Wakaanza kupanda. Mama Pimbi akahema, hee, hee, hee. Walipoufikia ule mwamba bapa, macho yake yakaanza kujifumba yenyewe.

"Hakuna kupumzika!" Fisi akampigia kelele sikioni. "Twende!"

Mara anakanyaga pedali, mara anashuka na kusukuma, lakini hakulala. Alifika shuleni amechelewa, ila watoto walikuwa bado hawajaanza kulia.

Furushi likawa gunia. Gunia likawa magunia mawili. Fisi naye akachoka kutembea, akasema, "Nipakie mimi mwenyewe," akajitupa kwenye keria, puu, hadi tairi likalia. Sasa wanangu, kila mwenye baiskeli anajua kwamba abiria hushuka mlimani akasukuma. Ndiyo adabu. Fisi hakushuka. Alikaa pale juu anatafuna mfupa, na kila wakipita kwenye mwamba anapiga keria kofi. "Usisimame, jirani! Utachelewa!"

Msidhani ilikuwa rahisi. Jioni moja Mama Pimbi alifika nyumbani hawezi hata kuinua sufuria. Akakaa kizingitini, akalia kweli. "Labda nimejidanganya mwenyewe," akawaza. "Labda nilichomwambia Fisi ndicho kitakachotokea." Lakini kabla ya alfajiri akaamka, akala kiporo cha ugali wa mtama, akatoka. Alijua kwamba asipotokea, Fisi atamfuata hadi mlangoni.

Haba na haba, wanangu. Siku moja alifika kwenye mwamba bapa, akaupita, na ndipo akakumbuka kwamba hakuutazama. Siku nyingine akafika kileleni anaimba moyoni. Kwa nje aliendelea kuhema, hee, hee, na kuyumba kidogo, ili Fisi asigundue kwamba anapata nguvu. Fisi naye, kwa kubebwa kila siku na kutafuna kila siku, tumbo likamshuka hadi magotini.

Mwezi ukaandama.

Asubuhi yake Fisi akasimama chini ya mlima na magunia yote, na jiwe la kusagia juu yake. "Leo ndiyo leo," akajisemea. "Leo anakwisha, na mimi naenda kupika."

Kwichi, kwichi, kwichi. Mama Pimbi akatokea.

"Simama, jirani, nipakie!"

"Leo sibebi, Bwana Fisi. Shikamoo!"

Akapita fyuu! Baiskeli bila Fisi ilikuwa nyepesi hata yeye mwenyewe akashtuka. Mlima aliokuwa akiupanda kwa machozi aliupanda amekaa kwenye kiti, hakushuka hata mara moja.

Fisi akaiona kazi inamtoroka. Akairukia baiskeli yake mpya. "Ngoja nikukamate hiyo keria!" Akakanyaga mara moja, mara mbili. Kona ya kwanza tu, moyo du-du-du, ulimi nje, usukani huku, yeye kule. Akajiburura hadi kwenye ule mwamba bapa, akalala chali, hoi.

Huko shuleni moto uliwaka, uji ukachemka, bwata, bwata. Mama Pimbi alikuwa anamimina kikombe cha mwisho, cha kifaranga wa kanga, ndipo Mwalimu Tembo akaishika kamba ya kengele.

Ngeng! Ngeng! Ngeng!

Mwalimu akatazama vikombe, akatazama masharubu ya watoto yaliyojaa uji. "Kazi ni yako, mama," akasema.

Mama Pimbi akashusha pumzi ndefu. Akakaa kwenye kigoda, akacheka na machozi yakimtoka, maana sasa alijua wanawe watakula.

Watoto walikuwa wanasuuza vikombe Fisi alipofika, anasukuma baiskeli, tairi limepasuka.

"Umenidanganya!" akasema. "Uliniambia ukinyimwa pumziko utakwisha."

"Nilikuambia, jirani. Nawe uliamini upesi kwa sababu ulitamani iwe kweli."

Fisi akageuka kutaka kuondoka. Mlima ulikuwa mbele yake tena, na miguu hana.

"Sasa nitarudije nyumbani?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mama Pimbi akamtazama, akamwonea huruma. "Yako iache hapa, panda yangu. Ila leo tunafuata adabu: mlimani abiria anashuka na kusukuma."

Basi Fisi akasukuma, hee, hee, hee, mpaka kileleni na kuvuka. Walipokuwa wanateremka, wakaufikia ule mwamba bapa, umeiva kwa jua la mchana. Mama Pimbi akashika breki. Akajinyoosha juu yake, akafumba macho, na safari hii hakuna aliyempigia kelele.

"Lala nawe, jirani," akasema. "Hatuna haraka."

Na neno langu kwenu ni hili moja: anayekutwisha mzigo ili uanguke, ukimvumilia kwa akili, ndiye atakayekufundisha kupanda mlima.