Medali ya Chizuru

Hapo zamani, na msiniulize nimehadithiwa na nani, maana nilikuwepo mwenyewe! Nilikuwa mpishi wa meli ya mizigo, tukatia nanga Japani ya kaskazini, kwenye theluji na mashamba ya matofaa. Kijapani nilikinywa kama uji. Anayebisha aende akaulize.

Kulikuwa na binti, Chizuru, mrusha mkuki. Majira ya baridi alirusha kwenye theluji, mkuki ukazama, akaufukua, akarusha tena. Kocha wake, Mwalimu Kuramochi, alifukua naye. Mama yake, Tomie, alichuma matofaa peke yake ili binti asikose mazoezi, akachuma mpaka mgongo ukapinda. Na Setsuko, mrushaji mwenzake, alimpenda na kumwonea wivu kwa kipimo kilekile.

Ikafika siku ya ubingwa. Daktari alishawaonya wote: kano la kiwiko cha Chizuru limebaki uzi, akirusha kwa nguvu litakatika. Zamu ya mwisho ikaja, Chizuru yuko nyuma ya Setsuko.

Akamwendea kocha. "Mwalimu, nirushe?"

"Mmoja tu. Kimbia kama kule kwenye theluji."

Akamwita mama yake jukwaani. "Mama, nirushe?"

"Mkono ni wako, mwanangu. Mimi mgongo wangu sikumwuliza mtu."

Akafika penye mikuki. Mchezo ule, mkuki ukishawekwa pale ni wa kila mtu, hata mpinzani. Setsuko akasema, "Chukua wangu. Unapenda kupanda, uelekeze chini kidogo. Na acha kunitazama kama mgonjwa, wewe!"

Chizuru akaiinamia njia ya kukimbilia, ndiyo adabu yao, akakimbia, akarusha. Mkuki ukaipita alama ya Setsuko kwa upana wa kiganja. Kiwiko nilikisikia kikilia kama kijiti kikavu. Chizuru akacheka. Akauinamia uwanja, mkono unaning'inia kama shati lililoloa.

Nyumbani kwenye karamu, wakaanza.

"Ushindi huu wangu," akasema kocha. "Bila neno langu asingerusha."

"Neno!" akasema mama. "Bila ruhusa yangu asingesogea hata hatua."

"Bila mkuki wangu angerusha fimbo," akasema Setsuko. "Mimi nimepoteza ubingwa. Nyinyi mmepoteza nini?"

Chizuru akataka kunyoosha mkono achukue kikombe. Mkono ukagoma. Akajaribu wa kushoto, chai ikamwagika mezani. Akaivua medali, akaiweka palepale kwenye chai.

"Daktari kasema hautanyanyuka tena. Sitarusha, sitachuma tofaa, hata nywele nitachanwa. Medali aichukue aliyenipa mrusho ule. Ila akiichukua medali, auchukue na mkono."

Kisha ubishi ukaanza upya, safari hii kinyume.

"Mwenye ruhusa ni mama yake," akasema kocha.

"Mimi najua nini habari za mikuki? Mwalimu ni wewe," akasema mama.

"Mkuki ukiwa pale ni wa kila mtu," akasema Setsuko, akalia.

Medali ikabaki kwenye chai mpaka chai ikakauka.

Sasa mnijibu. Lakini msije mkahukumu kwa uongo wangu: nilisema Chizuru alicheka. Hakucheka. Kicheko nilikitia mimi, sikuweza kumwacha aondoke uwanjani bila kitu. Mengine yote ni kweli tupu.

Je, medali ile nani aliistahili? Na huyo mtakayempa, mtampa na mkono?