Vikombe Vinne vya Mihjan

Wametusimulia waliopokea kutoka kwa wema waliotangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa kando ya mto Furati, kwenye mtaa wa wafinyanzi, aliishi mwanamke mchamungu akiitwa Rabaab, mke wa mfinyanzi Mihjan. Alikuwa mwingi wa swala, mwingi wa sadaka, na kwa bahati mbaya alikuwa pia mwingi wa sifa. Nasema kwa bahati mbaya kwa sababu ni sifa hizo zilizokaribia kumwangamiza.

Zilikuwa sifa za subira. Rabaab alikuwa amezaa mara tatu, na mara zote tatu mtoto alikuja katika mwezi wa saba, mdogo kama njiwa, akapumua kidogo, akarejea kwa Mola wake. Na mara zote tatu, wanawake waliokuja kumpa pole walimkuta ameketi wima, mtandio umekaa sawa, akisema, "Alhamdulillahi, tumeridhia." Hakuna aliyeliona chozi lake. Imamu wa mtaa, Sheikh Dhakwan, akawa anamtaja kwenye darsa za Ijumaa. Mwanamke yeyote aliyefiwa akapandisha sauti ya kilio aliambiwa, "Mtazame Rabaab." Basi akawa kama mnara. Watu huutazama mnara na kuusifu, ila hakuna anayeuuliza kama umechoka kusimama.

Kisha Mwenyezi Mungu akampa mimba ya nne.

Mtaa ule ulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ni kwamba mimba ya mwanamke aliyewahi kupoteza mtoto haitajwi na mtu mpaka mtoto alie. Haitajwi kabisa! Mwezi wa tano ulipoingia, tumbo la Rabaab lilikuwa likifika mlangoni kabla ya Rabaab mwenyewe, na bado majirani walimkazia macho kwenye paji la uso wakimuuliza habari za kuku. Jirani yake Atika, ambaye hakuwahi kunyamaza hata hotuba ikisomwa, alionekana akiuma ncha ya mtandio wake asije akaropoka.

Desturi ya pili ilikuwa ya kikombe. Baba akijua kwamba mtoto amecheza tumboni, humfinyangia kikombe kidogo cha kuogeshea na kukiweka rafuni kikiwa kibichi. Mtoto akizaliwa akalia, kikombe huchomwa kwenye tanuri, na siku ya saba humwagiwa maji kwacho. Asipolia, kikombe hulowekwa majini kikawa udongo tena, na udongo ukarudi kwenye lundo.

Rabaab alikuwa akimkanyagia mumewe udongo shimoni, matope yamemfika kwenye vifundo vya miguu, pale mtoto alipocheza. Alicheza hasa, teke moja, kisha la pili, kama mtu anayebisha hodi na hana nia ya kuondoka. Furaha ikampanda Rabaab ghafla mpaka akataka kupiga kelele. Hakupiga. Aliziba mdomo kwa mkono wenye matope, akaendelea kukanyaga. Hakumwambia Mihjan. Mihjan, aliyekuwa ameona kila kitu kutoka kwenye gurudumu lake la kufinyangia, naye hakusema. Wakala chakula wakizungumzia kuni mbichi.

Mwezi wa sita ulipokuwa ukiisha, mgongo wa Rabaab ukaanza kukaza. Ulikaza na kuachia, ukakaza na kuachia. Aliujua mkazo ule. Ulikuja mara zote tatu, siku mbili au tatu kabla ya msiba, na mara zote tatu aliunyamazia, kwa kuwa mwenye subira halalamiki. Safari hii pia akashuka shimoni, akaanza kukanyaga.

Mwenyezi Mungu akataka mkunga wa mtaa, Ummu Qays, apite pale kununua mtungi. Alikuwa bibi mfupi, mwenye sauti nene. Akamwona Rabaab ameshika kiuno, akausahau mtungi.

"Mgongo umekuanza lini?"

"Hamna kitu, mama. Alhamdulillahi."

"Na zile mara tatu, kabla ya watoto kuja, ulihisi nini?"

"Ilikuwa qadari ya Mwenyezi Mungu."

"Qadari naijua, binti yangu, nimeiamini tangu hujazaliwa. Mimi nakuuliza mgongo!"

Rabaab akamtazama mumewe, aliyekuwa amesimamisha gurudumu. Akaitazama miguu yake mwenyewe kwenye udongo. Kisha kitu alichokibana miaka yote kikamponyoka.

"Unakaza tangu jana," akasema. "Ulikaza hivi hivi kwa wote watatu. Sikusema. Nilidhani nikisema nitakuwa nimemshitaki Mola wangu kwa watu. Naogopa, mama. Naogopa mpaka nikisujudu nasahau nilichotaka kuomba. Na wala sijaridhia! Watu wanasema nimeridhia, sijaridhia hata siku moja. Namtaka huyu." Akaweka mikono yote miwili, na matope yake, juu ya tumbo ambalo mtaa mzima haukuwa umeliona. "Namtaka huyu!"

Mihjan akainuka kwa haraka hata mtungi uliokuwa kwenye gurudumu ukalala ubavu.

"Haya," akasema Ummu Qays, akikunja mikono ya nguo yake. "Sasa nina kazi ya kufanya. Toka shimoni."

"Kama ningesema," Rabaab akauliza kwa sauti ndogo, "wale watatu wangeishi?"

Ummu Qays hakuwa mtu wa kumfariji mtu kwa uongo. "Sijui," akasema. "Wapo niliowalaza miezi minne na bado tukazika. Ila ningekuwa nawe. Ungelia na mtu amekushika. Hilo najua."

Rabaab akalazwa kwa ubavu wa kushoto, mito chini ya miguu, akakatazwa ndoo, kinu na shimo la udongo. Ummu Qays akahamia pale na mkeka wake. Siku ile mkazo ukaendelea mpaka alasiri, ukapungua, na kesho yake ukaachia.

Mtaa nao ukapata kazi. "Yule mwenye subira siku hizi analala kama binti wa sultani," wakasema kisimani. "Anagaragara na kulalamika mgongo!" Lakini Atika alipolisikia neno lile aliutoa mtandio mdomoni, akawaambia, "Mimi miezi miwili sasa nimejifanya kipofu mbele ya tumbo lile, nimechoka. Leo nampelekea supu, na nitauliza mtoto anacheza upande gani." Akaenda, akauliza, na Rabaab akaushika mkono wake akauweka mahali penyewe. Mtoto akampiga Atika teke kiganjani. Kelele alizopiga Atika ziliwatoa watu mpaka sokoni.

Habari zikamfikia Sheikh Dhakwan. Akaja, akaketi nje ya pazia, akatoa salamu, kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, watu wanaulizana imekuwaje. Wewe ndiwe mfano tunaowapa."

"Ndiyo, sheikh, na mfano huo si wa kweli," akajibu Rabaab. "Mlipokuwa mkinisifu kwamba sikulia, nilikuwa nikilia nimeingiza kichwa ndani ya pipa la unga, sauti isitoke. Nilikuwa nikitoka humo napangusa nyusi ndipo nakaribisha wageni."

Sheikh alikuwa mtu wa haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jambo lilimwuma lakini hakulikwepa. "Mitume walilia," akasema mwishowe, kama anayejikumbusha mwenyewe. "Nami nimewakataza watu kulia kwa jina lako. Nisamehe." Ijumaa iliyofuata akawaambia watu hivyo hivyo, na pipa la unga akalitaja kwa idhini ya mwenyewe. Inasemekana wanawake watatu walitoka msikitini wakililia kwa sauti kubwa misiba ya miaka iliyopita, na hakuna aliyewaambia wamtazame mtu.

Mwezi wa saba ukaisha. Hebu fikiria siku ile! Rabaab hakuwahi kuvuka mwezi huo. Asubuhi aliamka akamtaka Ummu Qays ahesabu tena, akahesabu, akamtaka arudie. Mwezi wa nane ulikuwa umeingia, na mtoto alikuwa akimchezea mbavuni kama mbuzi zizini.

"Mihjan!" akaita. "Kikombe cha huyu kiko wapi?"

Mihjan akaja akifuta mikono. "Sijakifinyanga," akasema. "Nilishindwa."

"Kifinyange. Na ukichome."

"Kabla hajalia? Mke wangu, desturi…"

"Mume wangu, huyu yuko hai leo. Sijui kesho, wala wewe hujui kesho. Lakini leo yuko hai, ananipiga mbavu, na sitaki kumfurahia kwa siri kama mtu aliyeiba. Kikombe chake kichomwe!"

Mihjan akasimama pale, uso umemwiva. Kisha akaenda kwenye rafu, akasogeza mitungi mikubwa, akatoa vikombe vitatu vidogo, vibichi, vimekauka vikawa vyeupe kwa vumbi, akavipanga mbele ya mkewe. Kumbe hakuwahi kuviloweka. Mara zote tatu alimwambia ameviloweka, na mara zote tatu alivificha.

"Mikono yangu ilikataa," akasema.

Wakalia wote wawili, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Na walipomaliza kulia wakaanza kucheka, kwa kuwa Ummu Qays alikuwa analia kuwazidi wenye msiba.

"Vichome vyote vinne," akasema Rabaab.

Basi Mihjan akafinyanga kikombe cha nne, na siku hiyo gurudumu lilizunguka kama lina haraka ya kwenda mahali. Akatayarisha tanuri, akapanga vikombe, akawasha moto, akimwambia kila apitaye, "Nachoma kikombe cha mwanangu!" Watu wakajaa uani. Atika akaja na tende. Moto ukashika vizuri, na watu walikuwa katikati ya mazungumzo pale tanuri liliposema *pah!*

Kila mtu akausikia mlio ule, na kila mtu akaanza kutazama paji la uso la mwenzake.

Tanuri likapoa mpaka kesho yake. Mihjan akalifungua peke yake, akaingia ndani amebeba vikombe vitatu, na mkono mmoja wa kanzu umekaa vibaya.

"Kuna nini kwenye mkono wa kanzu?" akauliza Rabaab.

"Hamna kitu."

"Mume wangu, mlio nimeusikia. Mtaa mzima umeusikia. Tusirudi kule tulikotoka. Nionyeshe."

Akatoa vigae vya kikombe cha nne. Vile vya waliotangulia vilikuwa vizima, vyekundu, vizuri. Kilichopasuka kilikuwa cha mtoto aliye tumboni. Atika, aliyekuwa ameketi pembeni, akainua macho akasoma dari.

Rabaab akaogopa. Hakujificha, aliweka mkono kifuani akasema, "Nimeogopa." Kisha, kwa kuwa alikuwa mke wa mfinyanzi na alikuwa amekanyaga udongo miaka kumi na mbili, akachukua kigae kimoja, akakigeuza, akapapasa mahali kilipovunjikia.

"Kikombe hiki ulikifinyanga lini?"

"Jana."

"Jana wakati gani?"

"Asubuhi."

"Na tanurini ukakiingiza lini?"

Mihjan akakohoa. "Baada ya adhuhuri."

Chombo kibichi huanikwa siku nyingi kabla hakijaona moto. Mtoto yeyote wa mtaa ule anajua kwamba maji yaliyobaki ndani yake hukipasua. Na yule alikuwa fundi wa miaka ishirini.

"Nilikuwa na furaha," akasema Mihjan.

Rabaab akaangua kicheko ambacho mtaa ule haukuwahi kukisikia kinywani mwake. Akacheka huku ameshikilia tumbo kwa mikono miwili, mpaka Ummu Qays akapiga kelele, "Cheka polepole, wee, utaniharibia kazi!"

"Basi hii si nuksi," akasema Rabaab alipoweza kusema. "Huu ni unyevu."

Mtoto alizaliwa wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa, wakati wa dhuha, baada ya uchungu wa tangu alfajiri ambao Rabaab aliupigia mayowe bila kujali jina lake. Alikuwa mtoto wa kike. Alikaa kimya kwa muda wa pumzi mbili. Uani, Mihjan na Sheikh Dhakwan na nusu ya mtaa hawakupumua kabisa. Kisha akalia, kwa hasira, kama aliyecheleweshwa. Vigelegele ambavyo Atika alivibana kwa miezi vikatoka vyote kwa mkupuo mmoja. Husemwa kwamba punda wawili walikata kamba.

Wakamwita Bushra. Siku ya saba Mihjan alitaka kumfinyangia kikombe kingine, Rabaab akamwambia vipo. Akaketi na mtoto mapajani, na Mihjan akachota maji kwa vikombe vitatu vya rafuni, kimoja baada ya kingine.

"Hiki ni cha dada yako," akasema, akamwaga. "Hiki ni cha kaka yako." Akamwaga. Cha tatu akakishika kidogo kabla ya kumwaga. "Na hiki ni cha kaka yako mwingine. Anakusalimu."

Hakikuvuja hata kimoja.

Ndugu zangu katika imani, kisa hiki hakisemi kwamba kila asemaye ukweli atapewa mtoto. Ummu Qays mwenyewe alizika wengi wa wakweli, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Kinasema kwamba Mola hakumtaka Rabaab awe na uso mkavu usio na chozi. Ni sisi tuliomtaka awe nao, tukauita subira. Akija kwenu mwanamke mwenye tumbo na makaburi nyuma yake, msimuulize habari za kuku.