Mwalimu Kanga na Gome la Sheria

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa nyuma mmekula kweli? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule. Mwalimu wao alikuwa Kanga. Shule ilikuwa na kuta, ilikuwa na ubao, ila paa haikuwa nalo. Mvua ikinyesha, cho-cho-cho! Ubao unafutika. Watoto wanakohoa, kho! kho! kho!

Kanga akaenda kwa Mfalme Simba. "Mtukufu, paa."

"Kesho," akasema Simba.

Masika ya kwanza, kesho. Masika ya pili, kesho. Masika ya tatu, kitoto cha Digidigi kikaugua kifua, nusura kife. Kanga alikipenda kitoto kile, jamani. Alilia.

Kulipokucha akaketi mlangoni, akakunja mabawa. "Bila paa, hakuna a-e-i-o-u!"

Akaitwa barazani mbio mbio. Hakimu Fisi akatunisha kifua. "Mwalimu, kugoma ni kuvunja sheria! Adhabu yake kunyonyolewa manyoya yote!"

Kanga bila manyoya ni kitoweo, na Fisi alishaanza kumeza mate.

"Rudi darasani, yaishe," akasema Simba.

Kanga akakumbuka kile kikohozi. "Sirudi."

Sasa tegeni masikio. Desturi ya huko, mshtakiwa haadhibiwi mpaka aishike sheria, aisome mwenyewe. Nayo sheria iliandikwa kwenye gome la mti, likatundikwa ukutani tangu enzi za babu yake Simba. Fisi akalitungua, vumbi puuu! Akampa.

Kanga akasoma: "Mwalimu asiache kufundisha. Akiacha, anyonyolewe."

"Si mmesikia?" Fisi akadakia. "Mkamateni!"

"Ngoja, Hakimu. Mbona na huku nyuma kuna maandishi?"

Fisi akakodoa macho. Masikini, kusoma hajui! Upande wa mbele alikariri tu. Kanga akaligeuza gome. "Mfalme aezeke shule kabla ya masika. Asipoezeka, anyonyolewe."

Baraza zima likageuka, likatazama shingo ya Simba. Manyoya yale, marefu, mazuri!

"Mimi nimekosa," akasema Kanga. "Ninyonyoeni. Ila twende kwa foleni. Nani alitangulia kukosa?"

Simba akajishika shingo. Kho! "Fisi, umesimama nini? Kakate nyasi!"

Fisi akakata nyasi. Simba mwenyewe akapanda juu, akafunga kamba, jasho linamtoka. "Mwalimu, si uanze kufundisha huku tunaendelea?"

"Malizeni kwanza."

Akabaki pale mlangoni, mabawa kayakunja, mpaka kona ya mwisho. Mvua ikaja, cho-cho-cho! Ndani pakavu. Ndipo Kanga akasimama. "A!"

Kitoto cha Digidigi kikawa cha kwanza kuitikia: "Aaa!"

Nyie wakubwa, msijifanye mmesinzia. Sheria inayomfunga mwalimu inamfunga na mfalme. Kabla hujamwambia mwalimu amevunja sheria, geuza gome.

Hadithi yangu imefika chini ya paa, na imeishia hapo hapo.