Faili la Nondo

Kutuma si kufika. Asubuhi hii jirani yetu Mama Mazoya alimwambia hivyo mjukuu wangu Sechelela, aliyekuwa amekaa barazani baada ya kumwandikia daktari wa mifugo ujumbe kuhusu ng'ombe wetu mgonjwa aliyelala tangu jana asiinuke. Sasa yeye na nduguye wameniuliza msemo huo umetoka wapi. Haukutoka mbali. Ulizaliwa hapahapa Lwambeke, kwenye ofisi ya kilimo, nami nilikuwa nimesimama pale uliposemwa. Ilikuwa hivi.

Miaka hiyo simu za mkononi hazikuwapo. Ofisi yetu ilikuwa na mitego minne ya nondo, wale nondo wa kijivu ambao mayai yao huanguliwa kuwa viwavijeshi. Kazi yangu ilikuwa kuwahesabu kila asubuhi. Wakubwa wa mjini wakiona idadi imepanda, walileta dawa na mabomba ya kupulizia mapema. Wakichelewa wiki moja, shamba linabaki vijiti.

Kisha tukaletewa kompyuta na modemu, kisanduku kinachopitisha maandishi kwenye waya wa simu. Hakuna aliyetufundisha. Nilijisomea kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, kamusi pembeni. Programu yenyewe haikuwa na picha ya kubonyeza. Ni skrini nyeusi, nawe unaandika amri. Unaandika amri ya kupiga simu, modemu inalia kama bawaba kavu. Unaandika amri ya kutuma na jina la faili, halafu unangoja. Programu inalikata faili vipande vipande. Inapeleka kimoja, inangoja mashine ya upande wa pili iseme imekipata, ndipo inapeleka kingine. Kikiharibika njiani inakirudia. Mwisho kabisa skrini inaandika kwamba faili limepokelewa. Niliipenda programu ile kwa sababu haikujisifu. Haikusema imemaliza kabla ya kujibiwa.

Laini ya kwenda mjini tulipewa nusu saa tu kwa wiki, Jumatatu saa nne asubuhi.

Mkuu wa kituo aliitwa Bwana Chidawali. Simu ya mezani kwake ilikuwa kwenye waya uleule wa modemu, na kila nilipotuma aliinua mkonga asikilize kama mashine bado zinazungumza. Nilimweleza mara tatu, kwa upole, kwamba akiinua tu vipande vinavurugika na laini inaweza kukatika. Alikuwa kama mpishi asiyeweza kuacha kufunua chungu cha ubwabwa. Alinijibu kwamba simu ni ya ofisi, na ofisi ni yake.

Jumatatu moja ya Januari, mahindi yakiwa yamefika magotini, mitego iliyozoea kunasa nondo watano au sita ilikuwa na zaidi ya mia tatu. Nilihesabu mara mbili. Nikaongeza hesabu hiyo kwenye ripoti ya msimu, nikatuma. Ilikuwa vipande sitini. Kwenye kipande cha arobaini na moja skrini ikasimama. Ikajaribu tena, na tena, kisha ikaandika kwamba upande wa pili haujibu. Kupitia ukutani nikamsikia Bwana Chidawali akirudisha mkonga mahali pake.

Nilipoingia kwake alikuwa ameshafungua daftari la barua zinazotoka na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: Ripoti ya nondo, imetumwa saa nne na nusu.

"Haijafika, mkuu," nilisema.

"Ulituma au hukutuma?"

"Nilituma."

"Basi imetumwa. Hicho ndicho nilichoandika."

Nilimweleza kwamba mashine ya mjini hulitupa faili lisilokamilika, kwa hiyo kule hawana hata neno moja letu. Niliomba tuwasihi watu wa swichibodi, wale wanaounganisha simu, watupe laini tena siku ileile, au nipande basi nipeleke karatasi mwenyewe. Alikataa yote mawili. Alisema tukionekana na karatasi mkononi baada ya kupewa kompyuta tutachekwa wilaya nzima, na kwamba daftari la serikali halifutwi. Nikarudi kwenye meza yangu, nikanyamaza. Nalisema wazi ili msije mkadhani hadithi hii ina mtu mmoja tu mwenye kosa. Nilinyamaza.

Mjini waliingoja ripoti, hawakuiona, wakadhani Lwambeke hakuna jambo. Kimya chetu walikisoma kama salama. Dawa ikapelekwa kwingine.

Jumatatu iliyofuata, kabla sijagusa kibodi, niliingia ofisini kwa mkuu akiwa nje, nikachomoa waya wa simu yake. Faili likafika lote. Dawa nayo ikafika, siku ya Alhamisi. Lakini viwavijeshi walikuwa wametangulia siku tatu. Ukisimama shambani ulisikia wakitafuna, kama manyunyu juu ya majani makavu.

Ijumaa watu wapatao arobaini walisimama mbele ya ofisi. Aliyetangulia ni Mama Chibago, mjane aliyekuwa amepanda mbegu yake yote katika mvua ya kwanza, bila kubakiza hata kibaba. Mkononi alishika bua la mhindi lisilo na jani hata moja. Bwana Chidawali alitoka na lile daftari, akalifungua mbele yao, akaugonga ukurasa kwa kidole.

"Someni wenyewe. Imetumwa. Kosa ni la mjini."

Mama Chibago hakulitazama daftari. Alinigeukia mimi.

"Wewe mwenye mashine. Ilifika?"

"Haikufika, mama. Yeye aliinua simu, ikakatika katikati. Nami nilijua siku ileile, nikanyamaza."

Bwana Chidawali aliniamuru niingie ndani. Sikuingia. Mzee mmoja nyuma akasema kumbe mwaka huu tutasonga ugali wa daftari, na wengine wakacheka kicheko ambacho nisingependa kukisikia tena.

Mama Chibago alingoja kicheko kiishe, akamgeukia mkuu. Sauti yake haikupanda.

"Mimi nikimtuma mwanangu kisimani, siinjiki chungu mpaka nimeiona ndoo mlangoni. Wewe umeinjika, umepakua, umekula, umepangusa mdomo. Na ndoo imepasukia njiani." Akaliweka lile bua juu ya ukurasa uliofunguliwa. "Kutuma si kufika, Chidawali."

Hakumwita Bwana. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita hivyo Lwambeke.

Baada ya miezi miwili alihamishiwa kituo kikubwa zaidi. Nilikaa siku nyingi nikijaribu kumwelewa, maana si desturi yangu kumhukumu mtu upesi, na nadhani aliamini kweli kwamba neno likishaandikwa kazi imekwisha. Nimemwelewa, na bado nina hasira naye. Mahindi hayakurudi. Mama Chibago aliomba mbegu ya mtama kwa ndugu zake akapanda upya, na mwaka ule nyumba yake ilikula mara moja kwa siku.

Msemo ulibaki, na wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi, kila nilipopita sokoni. Nilistahili. Katika daftari lile nilichora safu mpya kando ya neno "imetumwa", nikaandika juu yake "imejibiwa", na mahali hapo paliachwa patupu mpaka skrini iseme faili limepokelewa. Patupu palipoonekana, hakuna aliyeondoka ofisini.

Kwa hiyo, Sechelela, hukutukanwa na Mama Mazoya. Umeandika ujumbe tangu alfajiri na ng'ombe bado amelala. Lete hiyo simu. Mpigie daktari, na usikae chini mpaka uisikie sauti yake mwenyewe ikisema anakuja. Kutuma si kufika.