Vibao vya Marjaniya na Jini Aliyeambiwa Njoo Kesho

Katika mji wa Marjaniya, zama alipotawala Sultani Munadhari bin Dahlani, mwenye viti viwili vya enzi, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuegeshea miguu, mimi Mbaruku, mchuuzi wa mazulia na ubani, nilimlilia marehemu ambaye hakuwapo.

Nisikilizeni kwanza kabla hamjacheka. Asubuhi ile nilikuwa nimeingia mjini na mzigo wangu, natafuta forodha nilipe ushuru kama mtu mwenye heshima zake, na diwani ya Marjaniya, yaani jumba la ofisi zote za dola, ilikuwa na milango arubaini, na milango yote ilikuwa na rangi moja na pete moja ya shaba na kizingiti kimoja, kwa kuwa babu yake Sultani aliamuru ofisi yoyote isijione bora kuliko mwenziwe, na hapakuwa na kibao hata kimoja. Nikasukuma mlango mmoja, nikaona wanaume wameketi mkekani, vichwa chini, hakuna amsemeshaye mwenziwe, na mwanamke mmoja anapita kati yao na dele la kahawa na sinia ya halua. Sasa mimi nimetembea, jamani. Nimekula Kilwa, nimelala Shihiri, nimeugulia Basra, na kote huko wanaume walioketi kimya wakinywa kahawa mchana wana maiti wao. Nikavua makubadhi, nikaketi, nikapokea kikombe, nikanywa mpaka karafuu iliyokaa chini ikanigusa ulimi, kisha nikafanya lipasalo. Nikalia.

"Mola amlaze pema," nikasema, nikijifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Alikuwa mtu wa watu."

Aliyeketi juu ya zulia mbele yetu, Waziri Ghasani, akanitazama kama mtu aliyemkuta mbuzi kitandani mwake.

"Nani?"

"Marehemu."

"Marehemu yupi?"

Hapo nikaanza kuona mambo. Yule mwanamke wa kahawa alikuwa amegeukia ukuta na mabega yanamtikisika, nami nilidhani naye analia.

Kumbe hayakuwa matanga, lilikuwa baraza la zabuni. Sultani alikuwa amechoka kusikia raia zake wakipotea milangoni, kwani aliyekwenda kuandikisha mtoto alitoka ameandikishwa jeshini, na bibi kizee aliyekwenda kumshitaki jirani yake alitoka na ruhusa ya kuvua samaki. Basi akatangaza kwamba anataka fundi wa kuchonga na kupaka vibao vya milango yote arubaini, kila kibao kiwe na jina la ofisi na kazi yake na neno la kuisifu dola, na wenye kuitaka kazi waje washindane. Na mila ya Marjaniya ni hii: mshindani hatii saini. Hupewa kahawa yenye karafuu chini ya kikombe, na aliyeifikia ile karafuu amekwisha kufunga nia, haondoki. Wale wanaume walikuwa kimya kwa kuwa kila mmoja anaficha bei yake.

Pazia likafunguliwa, Sultani akaonekana amekaa juu ya viti vyake viwili, na mtungi wa shaba ukazungushwa, mtungi wa ajabu wenye kuhifadhi minong'ono, na kila mshindani akanong'ona humo bei yake. Uliponifikia mimi nikanong'ona yaliyokuwa moyoni. Kisha kifuniko kikaondolewa mbele ya watu wote, na mtungi ukasema kwa sauti zao wenyewe. Mmoja alitaka shamba la minazi. Mwingine alitaka bandari ndogo. Bwana Luhaidani, shemeji yake Waziri, alitaka kapu la dhahabu kwa kila mlango, na Waziri akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aonaye bei nzuri. Kisha mtungi ukatoa sauti yangu, yenye kamasi bado: "Mimi sitaki kitu. Naomba niende zangu."

Sultani akashusha miguu kutoka kiti cha pili.

"Hataki kitu," akasema Sultani Munadhari, na uso wake ukang'aa, maana alikuwa mtawala mwema lakini mkono wake ulikuwa mzito wa kutoa. "Kanuni ya baba zangu ni kwamba bei ya chini hushinda, na chini ya hapo hakuna. Kazi amepewa mgeni huyu mwenye huruma."

"Maulana," nikasema, "mimi nauza mazulia."

"Utauza ukimaliza. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, nataka vibao viwe juu. Visipokuwa juu, au visipofaa, utasimama wewe katikati ya uwanja, mkono umenyooshwa, uwaelekeze watu umri wako wote, kwani mji huu lazima upate kibao, cha mti au cha nyama."

Nikatoka, nikaketi uani. Yule mwanamke wa kahawa akanifuata. Jina lake Bi Ruzuna, mjane, aliyerithi dele lile kwa mama yake na kuzijua ofisi zile kwa harufu.

"Sasa umempata wa kumlilia, bwana mgeni," akasema.

"Bibi yangu, usinicheke. Mimi sijui kushika hata brashi."

"Nimekuona ulivyoshika kikombe, najua. Njoo nikuonyeshe mtu."

Akanipeleka kwenye baraza la wenye kungoja, na pale kwenye kona, kati ya bibi mmoja mwenye kuku na bwana mmoja aliyesinzia, palikuwa na jini. Alikuwa amejikunja magoti yakagusa masikio, mvuke unamtoka kidogokidogo kama chungu kilichosahauliwa jikoni, na popo wamefanya makao katika pembe yake ya kushoto.

"Huyu ni Kamtaruni," akasema Bi Ruzuna. "Anangoja tangu enzi ya babu yake Sultani."

"Anangoja nini?"

"Muhuri," akasema jini, na sauti yake ikatikisa kuku wa yule bibi. "Ewe mwanadamu, mimi ndiye niliyejenga kuta hizi kwa usiku mmoja, na babu yake Sultani akafurahi, akanifungua katika utumwa wangu kwa ulimi wake, akasema, nenda kapigiwe muhuri uwe huru. Nikaenda mlango wa hati. Wakaniambia, njoo kesho. Nami nimefungwa kwa kiapo cha Nabii Suleimani, neno la mwenye ofisi siwezi kulivunja. Basi nikaja kesho."

"Wakasemaje?"

"Wakasema, njoo kesho."

Nimewahi kungoja mambo katika maisha yangu, nimengoja upepo na nimengoja wadeni, lakini nilipolitazama lile jini limekunjwa kama zulia lisilouzika, nilisahau shida yangu kwa kitambo.

"Kamtaruni," nikasema, "nisaidie vibao, nami siondoki mji huu mpaka umepata muhuri wako."

"Nitakusaidia," akasema, "lakini ujue jambo moja. Kwa kiapo kilekile, mkono wangu hauandiki uongo."

"Ni vibao vya ofisi tu," nikamwambia. "Nani aongope kwenye kibao?"

Mniwie radhi. Nilikuwa mgeni.

Kamtaruni akaingia msituni akarudi na mvule mabegani, akauchana kwa ukucha, akatengeneza vibao arubaini vilivyolainika kama shavu la mtoto, na pembeni mwa kila kimoja akachonga nembo ya dola, jogoo amesimama juu ya marijani, na akachanganya rangi ya dhahabu kwa ubani wangu na jua la saa tisa. Waziri Ghasani akaja na fimbo yake kutuambia maneno ya kuandika. Mlango wa hati uandikwe, *Hapa Unahudumiwa Kabla Hujaketi.* Mlango wa malalamiko, *Sikio Letu Halilali.* Mlango wa ardhi, *Haki Bila Kukawia.* Na mlango wake mwenyewe, *Kimbilio la Wote.* Kamtaruni akaandika kwa khati nzuri ajabu, na tulipomaliza, mbele ya macho yetu, zile herufi zikaanza kutembea. Zikakimbia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, zikagongana, zikasimama tena, na kibao cha mlango wa hati kikasomeka, *Njoo Kesho.*

Nikaenda cha malalamiko. *Ni Wewe Tena?*

Nikaenda cha ardhi. *Acha Kitu Mezani Ndipo Tuongee.*

"Kamtaruni, ndugu yangu," nikasema, "hata uongo mdogo? Wa adabu tu?"

"Mkono haukubali."

Waziri alisoma vibao viwili, hakufika cha tatu. Akaniita pembeni na kunishika bega kama rafiki.

"Bwana Mbaruku, wewe ni mtu wa safari. Shemeji yangu Luhaidani ana mafundi na rangi. Wapake juu ya vibao hivi maneno niliyosema, Sultani apendezwe, wewe upewe ruhusa na mzigo wako bila ushuru, uende salama. Na lile jini lirudi barazani kwake. Limezoea."

Sitawaficha, nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nikubali. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unaniuma tangu pale kwa kufikiria kunyooshwa umri mzima. Lakini niligeuka nikamwona Kamtaruni amerudi mwenyewe kwenye kona yake bila kuambiwa, anajikunja tena, anampisha yule bibi wa kuku. Na Bi Ruzuna amesimama na dele lake, ananitazama.

"Waziri," nikasema, na magoti yakagongana nikayasikia mwenyewe, "nimempa jini neno langu."

"Hujui bei ya neno hilo."

"Ndiyo maana nililitoa."

"Basi zoeza mkono wako," akasema, akaenda zake.

Ijumaa watu walitoka msikitini wakajaa uwanja mzima, na Sultani akaja na matarumbeta na miavuli, na viti vyake viwili vikabebwa mbele, na vibao vyote vilikuwa vimefunikwa kwa mazulia yangu. Nikavuta kamba. Mazulia yakaanguka. Waliojua kusoma wakasoma kwa sauti ili wasiojua wapate, na kwanza wakasoma kwa woga, kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Huo mlango wa tatu naufahamu, ndio wenyewe," na kicheko kikapanda kutoka uwanjani mpaka njiwa wakaruka juu ya paa.

"Maulana," akasema Waziri Ghasani, "mtu huyu ameitukana dola. Nilimpa maneno ya sifa naye ameandika haya. Mkono wake unyooshwe sasa hivi."

Sultani alikuwa amegeuka mwekundu kwa hasira. "Mgeni, una la kusema?"

Nilikuwa na hotuba nzima, nilikuwa nimeitunga tangu alfajiri, na yote ikanitoka kichwani. Nikasema, "Maulana, vibao hivi havijui uongo. Ukidhani vimekosea, sukuma mlango wowote."

Sultani akashuka. Akausukuma mlango ulioandikwa, *Mkubwa Ametoka, Joho Lake Lipo.* Ndani akaona kiti, na joho limetundikwa juu ya kiti kwa adabu, kilemba juu ya joho, na jalada lililojaa vumbi juu ya meza, na mwenye joho hayupo. Akaligusa. Likaanguka. Akatoka nje taratibu, na uso wake haukuwa tena na hasira kwangu.

"Ghasani," akasema, "mlango wako ni upi?"

Waziri hakujibu, lakini kibao kilijibu. Kilisema, *Kwa Mashemeji Tu.*

"Mimi nilitangaza zabuni ya kupaka milango," akasema Sultani Munadhari, na sauti yake ikafika kila pembe, "nikidhani ukiremba mlango umeiremba nyumba. Basi vibao visiguswe. Hakuna atakayeleta brashi. Anayechukia jina la mlango wake aingie ndani akalibadilishe kwa kazi."

Enyi wasikilizaji, hamjaona mbio. Makarani walitoka chini ya meza, wengine wakatoka sokoni, wengine wakatoka vitandani, wakaingia ofisini mwao wakawaita watu kwa majina, na mwenye joho akaja anahema akavaa joho lake. Na kila raia aliyehudumiwa na kutoka na alichokifuata, herufi moja juu ya mlango ilisogea. Sikio la malalamiko likaanza kusikia, na *Ni Wewe Tena?* ikawa *Ni Wewe, Karibu.* Bibi mwenye kuku akatoka mlango wa ardhi na hati yake na kuku wake wote, maana hakuna aliyemdai hata yai, na wanawake wakapiga vigelegele vikapokewa mpaka ng'ambo ya mji.

Mwisho wakamwita Kamtaruni. Alijikunjua, na popo wakaruka, na kivuli chake kikaufunika uwanja, akainama mbele ya mlango wa hati, akaingiza kidole kimoja tu maana hakuenea, na karani aliyekuwa akitetemeka akapiga muhuri juu ya ukucha wake. Juu ya mlango herufi zikakimbia mara ya mwisho zikasimama, *Ni Leo.* Kamtaruni akautazama ule muhuri kwa muda mrefu. Kisha akacheka, na mvua ikanyesha bila wingu, na kabla hajapaa akaweka mkononi mwangu chungu kidogo cha rangi iliyobaki, akasema, "Mwanadamu, umenifikisha kesho."

Basi nikapewa kapu la dhahabu ambalo sikuliomba, na Waziri Ghasani akasimama katikati ya uwanja, mkono umenyooshwa, na nasikia alikuja kuwa kibao kizuri sana, chenye adabu kwa wageni. Nami hatimaye nikaiona forodha, nikalipa ushuru wangu.

Nilimwoa Bi Ruzuna mwezi ule ule. Nilimposa kwa hotuba ndefu, nikamtajia miji niliyotembea na hekima niliyoikusanya, naye akanisikiliza mpaka mwisho akasema amekubali, ila kwa sababu ya magoti yangu yaliyogongana mbele ya Waziri siku ile, si kwa hotuba. Siku tulipoingia nyumbani nikachukua chungu cha Kamtaruni na kibao kizuri cha mvule, nikaandika kwa mkono wangu juu ya mlango wetu, *Nyumba ya Bwana Mbaruku, Mwenye Kauli.*

Herufi zikatembea. Zilipotulia, kibao kilisema, *Nyumba ya Bi Ruzuna.* Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, *Na Mbaruku Yumo.*

Nikamwita mke wangu aje aone dhuluma hii, nikamwuliza kama kuna namna ya kukifuta.

Akakisoma chote, pamoja na zile herufi ndogo.

"Hakijakosea," akasema. "Ingia ukaoshe vikombe."