Kalibu Iliyong'aa

Mkakasi ni kikopo cha mti kilichonakshiwa kikapendeza. Ukikifungua, hukuti ajabu. Waliotunga methali yake hawakuijua karakana ya chuma, lakini mtu kama Baba Mdogo walimjua vizuri sana.

Yeye ndiye aliyeshika karakana baada ya kaka yake kufariki. Binti wa marehemu, ambaye mafundi walimwita Tupa, ile ya kusugulia chuma, alibaki kwenye tanuri. Siku hiyo walikuwa na kalibu mbili za mashine ya kufyatulia matofali. Chuma chake kilikwisha kupikwa kikawa kigumu; ilibaki kukipulizia kwa moto unga wa chembe ngumu, ushike juu yake uwe ganda lisiloliwa upesi na mchanga wa matofali.

Baba Mdogo alizisugua zote mbili mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Tupa akachukua moja, akaipiga kwa mchanga unaorushwa na upepo wa kompresa hadi ikafifia na kukwaruzika kama ulimi wa paka.

"Umeniharibia kazi, wewe mtoto."

"Ganda halishiki penye utelezi, Baba Mdogo. Baba alikuwa anakwaruza kwanza."

"Baba yako kafa na ushamba wake. Mteja hununua kwa macho."

"Macho hayafyatui tofali."

"Haya. Yako ikirudi, nawe urudi kwa mama yako. Hapa hukanyagi tena."

"Na yako ikirudi?"

Tupa aliogopa, tena sana, maana karakana ile ndiyo kumbukumbu pekee ya baba yake. Hata hivyo alipulizia kalibu yake akaiacha na rangi ya majivu. Baba Mdogo alipulizia ya kwake juu ya utelezi uleule, kisha akaisugua tena ikameremeta. Mteja, mfyatuaji wa matofali, alipokuja kuzichukua zote mbili, aliisifu hiyo peke yake.

Wiki haikwisha, akarudi ameikumbatia ile ya kumeremeta. Ganda lilikuwa limebanduka vipande vipande kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu.

"Na ile mbaya?" Baba Mdogo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ile siitoi kwenye mashine hata unipige."

Tupa hakucheka. Alichukua mpira wa kompresa wa kurushia mchanga akamwekea ami yake mkononi.

"Kwaruza, Baba Mdogo. Mimi siondoki."

Akakwaruza, jasho likimtoka, mbele ya mafundi wote. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.